Samaki wa Jiweni

Watu wengi wamenicheka kwa hili, na wacha wacheke: ustadi pekee nilioufikisha mwisho katika ujana wangu ni kuvua samaki wasiokuwepo. Niliwavua ndani ya kompyuta, katika mchezo wa mtandaoni, nimekaa kwenye kiti cha plastiki mjini Tanga, na bahari yenyewe, ile ya maji ya chumvi, iko mwendo mfupi tu kutoka mlangoni. Babu alikuwa mvuvi, baba alikuwa mvuvi, na mimi mtoto wa kike ambaye sijawahi kupanda hata mtumbwi nikaja kuwa mvuvi wa umeme.

Ilikuwa miaka ile mambo yameshafunguliwa. Nilipokuwa mdogo tulipanga foleni ya sabuni na sukari, na tulikula unga wa njano mpaka tukauota. Sasa madukani kila kitu kilijaa, mitumba ilimwagwa hadi njiani, kilichokosekana ni kazi. Mashamba ya mkonge yalikuwa yamebaki magugu. Mimi nikabahatika kuajiriwa na Mpemba mmoja wa Ngamiani, aliyeuza vitambaa mbele ya duka na intaneti nyuma, pazia katikati. Kazi yangu ilikuwa kumfungulia mteja mashine, kumwandikia barua ya kwenda kwa nduguye Uarabuni, na kumtoa kwa adabu muda wake ukiisha. Mchana watu wakienda kusali na kula, mashine zilikaa bure, na hapo ndipo vijana wa mtaani walipoingia na mchezo wao.

Mchezo wenyewe ulikuwa nchi nzima. Unajitengenezea mtu wako, unamvisha, unamwacha atembee katikati ya watu wengine waliokaa kwenye viti vyao dunia nzima, na kila mtu anachagua ustadi wa kukuza. Kuna kupigana, kuna kukata miti, kuna kufua chuma, kuna kuvua. Vijana wetu wote walichagua upanga. Mimi nikachagua kuvua, na wakanifanya kichekesho cha wiki.

"Dada, umeacha majoka huku unakwenda kusimama gatini?"

"Nyinyi mkichinjwa huko mnakula nini?" niliwauliza.

Maana katika mchezo ule aliyejeruhiwa hupona kwa kula, na samaki ndiye chakula cha maana kuliko vyote. Mashujaa wote wale wa panga na ngao walirudi kwangu mbio, damu inawatoka, wananiomba samaki mmoja, dada tafadhali. Niliwapa, lakini kwanza niliwatukana kidogo. Hata hivyo walikuwa na haki upande mmoja. Kuvua kulichosha. Unabonyeza, mtu wako anatupa mshipi, unangoja. Mwanzoni unapata vidagaa kwa wavu mdogo, baadaye unaruhusiwa chusa, baadaye dema la kutega kamba kochi, na kati ya hatua na hatua unazeeka. Sikujali. Ningeweza kuvua kwa mkono mmoja na kumhudumia mteja kwa mwingine. Na nilipomtazama yule mtu wangu mdogo amesimama mbele ya maji, hasemi, moyo wangu ulitulia kwa namna ambayo sikuwa nimeijua tangu kijijini kwetu Tongoni.

Hapa lazima nieleze habari ya jiwe.

Katika nyumba yetu, samaki wa kwanza wa kila safari hakuwa wa kuuzwa wala wa kuliwa. Baba aliposhuka dikoni, wanaposhukia wavuvi, alimtoa kwanza yeye, akaenda naye mpaka kwenye jiwe jeusi lililo pembeni ya mikoko, akamlaza pale kwa mkono wa kushoto, akageuka bila kutazama nyuma. Samaki yule alikuwa wa wenyewe. Wenyewe ni nani hatukuambiwa, na tulilelewa tusiulize. Ukipita jioni, jiwe li tupu. Bila shaka kunguru walikuwepo, na paka, na kenge wa mikokoni. Lakini sikuwahi kumwona hata mmoja wao juu ya jiwe lile, na nilichungulia mara nyingi kuliko nilivyoruhusiwa.

"Samaki wa jiweni haguswi na mtu aliye hai," baba alituambia. "Ukimwona mtu anamwokota, jua yule si mtu tena."

Na jambo jingine: mtu akiwa anavua haitwi kwa jina lake, maana hujui ni nani mwingine anayesikiliza.

Nilikuwa na kaka mmoja tu, mkubwa kwangu sana. Ule mwaka wa unga wa njano baba aliumwa, chombo kikatoka na watu wengine, na kilichofika nyumbani kilikuwa kidogo cha kutia aibu. Samaki wa jiweni aliletwa vilevile, na baba akamtuma kaka akamweke. Nilimfuata nyuma. Kaka alimlaza samaki yule, tasi mmoja, juu ya jiwe kwa mkono wa kushoto kama alivyofundishwa, akageuka, akaniona. Sijui aliona nini usoni pangu. Alirudi, akamwokota, akanishika mkono mpaka nyuma ya magofu ya msikiti wa kale, akawasha makumbi ya nazi na kumbanika. Tulimla bila chumvi, kwa sababu tungekwenda jikoni kuomba chumvi mama angeuliza ya nini. Kaka alinipa upande wenye nyama, mwenyewe akanyonya kichwa. "Usimwambie mtu," alisema, na mimi sikumwambia mtu. Alikuwa mtamu, samaki yule. Mpaka leo sijala mwingine kama yeye.

Miaka michache baadaye kaka alikwenda mjini kubeba mizigo bandarini, na siku moja akazamia. Ndivyo tulivyosema kwa kijana aliyejificha ndani ya meli ya mizigo ili akaamkie Ulaya au popote penye kazi. Hakuaga. Hakuleta barua. Alikuja mtu mmoja baadaye kutoka safari kama hizo, akasema kulikuwa na meli ambayo mabaharia wake waliwakuta vijana wa Tanga chini ya sitaha wakawatupa majini usiku, na yeye hakujua majina yao. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chakula, akampa na cha njiani. Kisha akasema mwanawe hakuwemo.

Baba alifariki, tukamsomea hitima yake. Ya kaka mama alikataa. Baba mkubwa alikuja kila Shaaban, mwezi wetu wa kuwarehemu wafu, akakaa barazani akasema kwa upole kwamba mtoto wa watu asiachwe bila dua, kama amekufa anatungoja. Mama alimjibu kwamba mtu aliye hai hasomewi hitima, ni kumwitia mauti. Ramadhani ikifika, kila magharibi tulipofuturu, alimiminia uji kikombe cha bati cha buluu kilichokuwa cha kaka, akakiweka mahali pake mkekani. Uji ulipoa pale mbele yetu, ukafanya ngozi. Nilikichukia kikombe kile. Niliona aibu kukichukia, lakini nilikichukia.

Basi, turudi kwenye gati la ndani ya kompyuta.

Mwisho kabisa wa gati lile, mahali ambapo wavuvi wengine hawakwenda kwa sababu samaki wake walikuwa hafifu, alisimama mtu mmoja. Nguo zake zilikuwa za kijivu, zile anazopewa kila mgeni siku ya kwanza, ingawa ustadi wake wa kuvua ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Mahali pa jina palikuwa na herufi na tarakimu zisizosomeka. Alitokea mchana, baada ya adhuhuri, na uso wake ulielekea majini daima. Nikimpeleka mtu wangu upande wa pili nimwone, yeye alikuwa ameshageuka. Nilimsalimu kwa Kiingereza changu cha shule, hakujibu. Vijana walimtukana kwa lugha zote walizozijua, hakujibu.

"Huyo si mtu," tajiri wangu Mpemba aliniambia siku moja, amekuja nyuma kutafuta mkasi. "Huyo ni programu. Watu wazitegesha zivue, wenyewe wenda zao kulala."

Nikaridhika. Nikaendelea kuridhika mpaka siku niliyowahi kufika gatini, nikamkuta ndiyo kwanza anatokea. Alitupa mshipi, akapata samaki, akamtoa mkobani akamwacha chini, upande wake wa kushoto, akasogea hatua moja mbele. Waliofuata aliwaweka wote mkobani. Nikasema amekosea. Kesho yake nikamvizia: samaki wa kwanza, chini, kushoto, hatua moja mbele. Na kesho yake tena. Katika mchezo kitu kilichoachwa chini hukaa kidogo kisha hutoweka chenyewe, na mimi nilikaa nikimtazama samaki yule mpaka ubao ukabaki mtupu. Mikono yangu ilikuwa ya baridi, ingawa feni ilikuwa imeharibika.

Ningenyamaza, labda ningekuwa nimelala vizuri zaidi mwaka ule. Lakini Ijumaa nilikwenda Tongoni, na mama ni mtu ambaye huwezi kukaa naye mkipepeta mchele ukamficha kitu. Nilimwambia. Aliweka ungo chini.

"Aweka kwa mkono gani?"

"Upande wa kushoto, mama."

"Atazama nyuma?"

"Hatazami."

Jumatatu alikuwa dukani kabla ya azana ya adhuhuri, amevaa baibui jipya, anafuata harufu ya udi wake mwenyewe. Tajiri wangu akamwamkia shikamoo, akampa kiti kizuri. Mama hakuwa amewahi kukaa mbele ya kompyuta. Nilidhani atauliza mambo mengi. Aliuliza moja tu, bahari ile ni ya wapi, nikamwambia si ya popote, akaitikia kwa kichwa kana kwamba ndivyo alivyotarajia.

Yule mtu akatokea. Akavua, akamlaza wa kwanza kushoto, akasogea. Nilimsikia mama akivuta pumzi.

"Nimwandikie jina lake?" niliuliza.

"Hasha! Mtu avua, wamwita jina?" Alinong'ona, kama anaweza kutusikia. "Mwekee samaki. Pale pale alipoweka yeye. Akimwacha, mwanangu yu hai, akumbuka alivyofunzwa. Akimwokota..." Hakumaliza, na mimi sikuhitaji amalize.

Lakini mwenzangu msomaji, unaona nilipokuwa nimebanwa. Mama alimjua mtoto mmoja, aliyelaza samaki jiweni kwa adabu. Mimi nilimjua yule aliyerudi akamwokota. Kwa mama, kuokota ni maiti. Kwangu mimi kuokota ndiye kaka mwenyewe. Nilimpeleka mtu wangu mpaka mwisho wa gati, nikavua, na samaki akachelewa kuja kuliko siku zote. Vijana wa panga waliacha mashine zao wakaja kusimama nyuma yetu. Nikampata. Nikamweka chini, kushoto, nikasogea hatua moja mbele.

Yule mtu aliacha kuvua.

Alikuwa hajawahi kuacha. Alisimama tu, mshipi mkononi. Vijana walikuwa wameshawahi kummwagia pale ngao na dhahabu za mchezo ili wamcheke akiinama, na hakuinama. Sasa aligeuka. Kwa mara ya kwanza nikauona uso wake, na haukuwa na lolote, ni uso uleule waliokuwa nao watu wote wa mchezo, macho mawili na mstari wa mdomo. Ndiyo maana uliniogopesha. Alitembea mpaka kwenye samaki wangu, akainama, akamwokota.

Mama alisimama. Alifunga kanga yake vizuri ndani ya baibui, taratibu, kama mtu anayetoka nyumbani kwa watu. "Inna lillahi," alisema. "Twende mwanangu. Tukamsomee nduguyo."

Nikamshika mkono. Nilimwambia yote pale pale, mbele ya vijana na tajiri wangu, juu ya jiwe, na makumbi, na nyuma ya magofu. Nilikuwa nalia. Nilimwambia kaka aliwahi kuokota, mama, aliokota kwa ajili yangu, huyu anaweza kuwa yeye, anaweza kuwa amekaa mahali fulani kwenye kiti kama mimi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, vilevile alivyomsikiliza yule mtu wa safari. Macho yake yalinitazama mdomoni, si machoni.

"Kumbe," alisema. Kisha akasema, "Na weye ulikula?"

"Nilikula."

"Basi ndiko wenyewe walikomfuatia." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Weye usivue tena. Hata huko ndani. Wanisikia?"

Hitima ilisomwa Shaaban ileile. Baba mkubwa alilia kuliko wote, mama hakulia. Alipika pilau, akagawa, akaosha kikombe cha buluu na kukifungia kabatini. Ramadhani ilipoanza, mahali pa kaka mkekani palikaa mtungi wa maji. Nilikuwa nimekichukia kikombe kile miaka yote hiyo, na sasa kila magharibi nilikitafuta kwa macho.  Mama alikuwa amezeeka ghafla, tena kwa upande mmoja, kama nyumba iliyotolewa nguzo. Niliona tumemuua kaka mimi na yeye kwa mikono yetu, pale dukani, mchana kweupe.

Kwa hiyo nilikwenda. Nilikatazwa na nilikwenda. Mchana wa Ramadhani duka lilikuwa tupu, vijana wamelala msikitini, tajiri anasoma Kurani mbele kwenye vitambaa vyake. Niliwasha mashine ya pembeni na kuingia. Mtu wangu alitokea pale nilipomwacha, mwisho wa gati.

Yule wa kijivu hakuwa mahali pake. Alikuwa amesimama mahali pangu mimi, nilipozoea kuvulia, mgongo kwangu. Na katikati yetu, kwenye mbao, palikuwa na samaki.

Hakuwa mbichi. Katika mchezo samaki mbichi ni wa rangi ya majivu, na ukitaka kumbanika lazima uondoke gatini, upande kilima, utafute kuni, uwashe moto, na watu wengi huunguza. Huyu alikuwa wa kahawia. Mtu alikuwa amekwenda mbali kumbanika, akarudi, akamweka, akangoja. Upande wake wa kulia, si wa kushoto kama samaki wa wenyewe.

Nikakumbuka kwamba vitu hutoweka. Sikujua amekaa pale muda gani. Sikufikiri juu ya wenyewe, wala maneno ya baba, wala mama, wala saumu yangu. Nilimwokota, nikambonyeza, na mchezo ukaandika kwa herufi ndogo kwamba umekula samaki, umepata nafuu. Nilipoinua macho gati lilikuwa tupu. Nilirudi kila mchana mpaka mfungo ukaisha, na hata baada ya hapo mpaka duka lenyewe likafungwa. Hakutokea tena.

Siku ile ya samaki nilipanda gari la mwisho la alasiri na kufika Tongoni azana ikiadhiniwa. Mama alikuwa mkekani, ameshika tende. Hakuniuliza nimetoka wapi.

"Umekwenda," alisema.

"Nimekwenda."

"Umekula."

"Nimekula, mama. Alikuwa amebanikwa. Aliniwekea."

Alitafuna tende yake mpaka ikaisha, akatema kokwa kiganjani. Nje kuku walikuwa wanapanda kulala. Nilingoja anifukuze, au anisomee dua, au anipeleke kwenye jiwe nikaombe radhi.

"Huko ndani mna chumvi?" aliuliza.

"Hamna, mama."

"Na ile siku ya magofu?"

"Haikuwepo pia. Tuliogopa kukuomba."

Mama alicheka. Kicheko kifupi, cha puani, ambacho sikuwa nimekisikia tangu bandari ilipotumezea mtu wetu. "Mngeniomba ningewapa," alisema, na hapo hapo kicheko kikageuka, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Kisha aliinuka, akaenda kabatini, akasogeza sahani zilizokuwa mbele, akatoa kikombe cha buluu. Alikipuliza vumbi. Akaondoa mtungi mahali pa kaka, akakiweka pale, akakimiminia uji mpaka juu, akakiongezea chumvi kidogo.